Kitovu Ndani ya Kayamba

Sogeeni, na nyie mliokaa nyuma msijifanye hamsikii, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia. Ni hadithi ya watoto watatu na kopo moja. Mimi nimo ndani yake, lakini mimi ni mwenye kosa tu. Nyie waangalieni watoto.

Wa kwanza anaitwa Mwanaidi, na kipawa chake kiko machoni na puani: anajua taka. Msicheke. Mwonyeshe ganda la kitunguu, atakwambia limetoka jiko la nani, na kwamba huyo nani kisu chake kimekuwa butu. Siku moja alimwambia jirani yetu mbele ya watu, "Mama, siku hizi mnakula wali mkavu, wiki nzima sijaona machicha ya nazi jalalani kwenu," akafukuzwa na mwiko mpaka barabarani.

Wa pili ni Hemedi. Kipawa chake kiko masikioni. Baba yake anapiga ngoma kwenye maharusi, na Hemedi amelala na kuamka kwenye ngoma tangu hajaota meno. Tikisa kiberiti nyuma ya mlango, atakwambia zimebaki njiti ngapi, na akikosea, anakosea moja. Tatizo lake ni kwamba anajua kwamba anajua, na anataka kila mtu ajue.

Wa tatu ni Perpetua, kipawa chake kiko vidoleni. Yeye anafumua. Bibi yake ananunua masweta ya mtumba yaliyotoboka, anayafumua uzi wote bila kuukata hata mara moja, kisha anafuma upya, na Perpetua ndiye mfumuaji wake. Fundo ambalo mimi na wewe tungelikata kwa wembe tukalaani, yeye analitazama kwanza, analigeuza, halafu unashangaa limeachia lenyewe.

Wote watatu wako darasa la sita, shule moja, hapa hapa Muheza, mtaa wetu wa nyuma ya soko la machungwa.

Sasa shuleni kwao kuna Mwalimu Semboja, na Mwalimu Semboja ana klabu ya mazingira. Siku ya kwanza ya klabu, nimesimuliwa, alikuja na ndoo ya taka kutoka nyumbani kwake mwenyewe, akaimwaga juu ya meza, maganda ya ndizi, kandambili iliyokatika, makopo, kipande cha kanga, kila kitu mezani. Akauliza, "Hiki ni nini?" Darasa zima, "Takaaa!" Akasema, "Kaeni chini wote, mmekosa." Akainua ile kandambili akawaambia kila kitu kina maswali matatu kabla hakijaitwa taka: jana kilikuwa nini, leo kina nini, kesho kinaweza kuwa nini. Ukishamaliza kuuliza yote matatu na bado hujapata jibu, hapo ndipo utupe.

Watoto wakawaka moto. Maji ya kuoshea mchele yakaanza kumwagiliwa mchicha. Maganda yakaenda kwenye shimo la mbolea. Magunia yaliyotoboka yakajazwa udongo yakaota sukumawiki kila upande. Na makopo madogo ya hamira, ambayo mtaani kwetu hayana idadi kwa sababu kila nyumba ya pili inapika maandazi, yakawa makayamba. Unatoboa kopo tundu kwa msumari, unatia punje za mahindi yaliyobunguliwa au mbegu kavu za machungwa, unaziba kwa kipande cha kandambili, unapaka gundi ya uji wa muhogo, unaviringishia vipande vya kanga kuukuu. Mfuniko huruhusiwi kuugusa. Mwalimu alisema mfuniko wa kopo la hamira ukishafunguliwa haukazi tena vizuri, na sauti inavuja. Yalitengenezwa arobaini na mawili, kila mwanaklabu lake, yote yamevaa kanga, yote yanafanana, kwa ajili ya maonyesho ya siku ya Ijumaa mbele ya wazazi.

Klabu ilikuwa na kiingilio. Si pesa. Kila anayetaka kuingia alete mfuko mmoja wa taka za kwao.

Perpetua alikwenda mikono mitupu. Si kwamba alisahau. Alizunguka nyumba ya bibi yake siku mbili akitafuta taka na hakupata. Maganda anakula mbuzi, nyuzi zinafumwa, majivu ni ya kusugulia sufuria, kopo linakuwa kikombe, na kikombe kikipasuka kinawekwa chini ya mtungi. Akasimama mbele ya darasa akasema, "Mwalimu, kwetu hakuna." Darasa likaangua kicheko. Hemedi akasema kwa sauti, "Kwani kwenu hamli?" Mwalimu alikuwa anahesabu mifuko, hakusikiliza vizuri, akamwambia, "Ukipata utaniletea." Hakupata. Hakuingia klabu.

Hayo yawekeni hapo pembeni, nije kwenye kosa langu.

Mimi naitwa Mwajabu, lakini tangu nijifungue watu wazima wananiita Mama Rukia na watoto wa mtaani bado wananiita Dada Mwajabu, kwa sababu juzi tu walikuwa wananiona na sare ya sekondari. Baba Rukia yuko Korogwe kwenye mkonge, anarudi mwisho wa mwezi. Kitovu cha Rukia kilidondoka siku ya nane. Nikampigia simu mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, aliyeko Pangani, akaniambia, "Kifunge kwenye pamba safi, kiweke mahali pakavu, kisiguswe. Nitakuja mwenyewe na mche wa mnazi tukizike." Basi nikakifunga, nikatia karafuu mbili, nikakiweka kwenye kopo la hamira, nikalizungushia plasta, nikaliweka dirishani pamoja na vichupa na mikebe mingine, mahali pakavu, kama alivyosema.

Wiki iliyofuata Mwanaidi alipita na gunia. Rukia alikuwa analia tangu alfajiri, mimi nilikuwa sijala, sijaoga, kifua kinauma, na mtoto wa watu amesimama nje ya dirisha ananiuliza kwa adabu, "Dada Mwajabu, hivi vya dirishani vyote ni vya kutupa?" Nikamwambia chukua. Sikugeuza hata shingo. Nikamwambia, "Chukua vyote, unipunguzie uchafu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Zikapita siku. Jumatano moja simu ikaita. "Mwanangu, Ijumaa nakuja na mche, Jumamosi asubuhi tunazika. Kitovu kipo?"

"Kipo, mama."

Nilisema kipo kabla sijatazama. Nikakata simu, nikatazama dirishani, dirisha tupu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, biolojia nilipata C, najua kabisa kwamba kile ni kipande cha ngozi kilichokauka na hakina macho wala miguu. Lakini najua pia nilivyosikia tangu mdogo, kwamba mtoto ambaye kitovu chake hakijulikani kilipo hatulii mahali, anakua anatangatanga, nyumba zote anapita na hakuna anayoiita kwao. Jaribuni nyie kuijua biolojia mkiwa peke yenu chumbani, na mtoto wa siku thelathini na mbili amekulalia kifuani, na umeshamdanganya bibi yake. Na kutoka siwezi, maana arobaini haijaisha, mzazi hatoki. Nikakaa dirishani kama mfungwa mpaka watoto walipotoka shule, nikamwona Mwanaidi, nikamwita, nikamwambia yote kwa mkupuo bila kupumua.

Halafu akauliza jambo moja tu. "Plasta uliikata kwa mkasi au kwa meno?"

"Kwa meno. Kwa nini?"

Alikuwa ameshaondoka mbio.

Basi haya ndiyo aliyoyafanya Mwanaidi. Alirudi shuleni, mlango wa klabu umefungwa, akaingia kwa nyuma kwenye mabaki. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa hii: makopo yaliyokusanywa yalikwenda njia nne. Mengine yalifanywa vibatari, mengine yalizikwa katikati ya magunia ya mboga ili maji yapenye, mengine makayamba, na yaliyopata kutu yalichukuliwa Jumatatu ya wiki hiyo na mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye muda huo angeweza kuwa Tanga mjini. Kopo langu lilipita njia ipi? Mwanaidi hakulitafuta kopo. Alitafuta takataka ya kopo. Alipekua ndoo ya mabaki ya kila meza, moja baada ya nyingine, viganja vimejaa uji wa muhogo uliochacha, mpaka kwenye ndoo ya meza ya makayamba akakuta kipande cha plasta, ncha zake zimechanika kwa meno, akakinusa, kinanukia karafuu. Akaja kunionyesha dirishani, nzi wanamfuata.

"Limo kwenye makayamba, dada. Mtu wa chuma chakavu hakulipata."

"Kayamba lipi?"

"Hapo sasa," akasema, "macho yangu yamefika mwisho. Yote yamevaa kanga. Na, dada, mimi ndiye niliyelibeba. Nilitakiwa niulize jana lilikuwa nini, mimi nikauliza kesho tu."

Nikamwambia uliuliza, ni mimi sikujibu. Lakini nilimwona analia.

Alhamisi asubuhi akamwendea Hemedi. Hapa aliogopa kidogo, kwa sababu Hemedi mdomo wake hauna komeo, na habari ya kitovu ikishatoka kwenye klabu ingefika Pangani kabla ya basi. Akamwapisha kwa mama yake. Hemedi akaapa. Wakati wa mapumziko wakaingia darasani wawili tu.

Na haya ndiyo aliyoyafanya Hemedi. Alikaa chini sakafuni akafumba macho, akamwambia Mwanaidi ampe moja moja. Tikisa, sikiliza, weka kando. "Mahindi. Mahindi na kokoto. Machungwa. Mahindi, na moja imekwama kwenye gundi. Hili la Juma bwege, katia mchele." Mwanaidi akawa anamwambia fanya haraka, yeye anasema sikio halikimbii. Akatikisa kumi, akatikisa ishirini, akatikisa arobaini na moja. Yote yakalia makavu, bati tupu na mbegu. Hakuna hata moja lenye kitu laini ndani.

Likabaki moja. Lake.

Sasa lazima niwaambie habari za kayamba la Hemedi. Lilikuwa ndilo zuri kuliko yote. Mengine yalikuwa yanapiga kelele, lake lilikuwa linaongea, sauti nzito, kama mtu anayesema kitu akiwa amejifunika shuka. Mwalimu Semboja mwenyewe alilisifu mbele ya darasa, akasema Ijumaa Hemedi ndiye ataongoza wimbo. Na Hemedi alikuwa amewatangazia wote kwamba ni ufundi, ni namna alivyochagua mbegu, ni siri ya baba yake. Alishamwambia mpaka baba yake aache harusi ya Ijumaa aje kusikiliza.

Mwanaidi anasema Hemedi alilishika lile kayamba mapajani na hakulitikisa. Kengele ya kuingia ikagonga. Hakulitikisa. Angeweza kusema, "Hakuna, labda lilikwenda chuma chakavu," na nani angebisha? Sikio lile analo peke yake. Mwanaidi alikuwa ameshaanza kuyapanga mengine mezani.

Hemedi akasema, "Si ufundi. Ni pamba." Akampa.

Lakini kumpa si kufungua. Ndani mlikuwa na gundi, ile ya muhogo, iliyopenya tunduni ikaganda kama mawe, na pamba na kitovu na mbegu vyote vimeshikana ukutani mwa kopo. Ukikata bati kwa mkasi, mkasi hauoni unakata nini. Ukigonga, kinavunjika, maana kile kitu ni kikavu kama jani. Ukiloweka, kinaoza. Na mama mkwe aliniambia kisiguswe, maana yake tunazika kitu kizima.

"Kuna Perpetua," Mwanaidi akasema.

"Yupi? Yule wa kwetu hakuna?"

"Huyo huyo. Na wewe ndiye utakayemwomba, kwa sababu wewe ndiye uliyemcheka."

Walipotoka shule wakamkuta kwa bibi yake, sweta la kijani mapajani. Hemedi akaomba. Mwanaidi anasema aliomba akitazama mbuzi. Perpetua akamwacha aongee mpaka akaishiwa maneno, halafu akamuuliza, "Kwenu mnakula?"

Hemedi akasema, "Tunakula."

"Haya, leta kopo."

Na haya ndiyo aliyoyafanya Perpetua. Alikuja kwangu, kwa sababu alisema kitu cha mtoto kifunguliwe mbele ya mama yake. Akakaa kizingitini panapopata mwanga. Akavua ile kanga kipande kwa kipande, akaikunja. Akachomoa ile kandambili kwa sindano ya kufumia. Mfuniko akaulegeza kwa mgongo wa kijiko, akizunguka ukingo kidogo kidogo, akiweka sikio kama daktari. Ndani, jamani, palikuwa kama kichuguu cha mchwa. Akaomba mvuke. Si maji, mvuke. Nikachemsha sufuria na mtoto mgongoni, akawa anaipitisha pamba juu ya mvuke kidogo, anavuta unyuzi mmoja, anapitisha tena, anavuta mwingine. Mbegu moja moja akaziweka kwenye kisahani. Wenzake wamekaa pale wanatazama. Hemedi kazoea kelele lakini siku ile nilisikia tumbo lake linanguruma, hakuthubutu hata kukohoa. Alianza jua likiwa juu ya paa la soko, akamaliza adhana ya magharibi inaanza.

Kikatoka. Kizima. Ila mbegu moja ya chungwa ilikuwa imekamatana nacho kabisa, na Perpetua akakataa kuing'oa. "Hii nikivuta, kinakatika. Iache nayo, dada. Haina ubaya."

Nilikilaza kwenye pamba mpya nikakaa chini.

Ijumaa makayamba yakalia shuleni, mpaka nyumbani nayasikia. Hemedi aliokota mbegu zake kwenye kisahani, akazirudisha, akaziba, akavisha kanga, lakini sauti haikurudi. Mwalimu akamuuliza, "Hemedi, kayamba lako limekufa?" Akajibu, "Limekufa, mwalimu." Wimbo ukaongozwa na mwingine. Baba yake alikuwa amesimama mstari wa mbele. Hemedi alikuwa ameapa kwa mama yake, basi hakusema kwa nini, hata kwa baba yake hakusema.

Alasiri mama mkwe akafika, na mche wa mnazi kwenye kikapu, majani mawili yametokeza kama masikio ya sungura. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, niletee mjukuu wangu nimtazame." Akambeba, akamnusa, akamsomea dua. Kisha akaniomba kitovu. Nikampa pamba. Akaifunua. Akatazama karibu, akatazama mbali, akavaa miwani.

"Mwajabu."

"Abee, mama."

"Mbona kitovu cha mjukuu wangu kina mbegu ya chungwa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikafungua mdomo yakatoka yote, dirisha, gunia, plasta, kayamba, mvuke, kwamba nilisema kipo na hakikuwepo, kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba naogopa Rukia atatangatanga na itakuwa ni mimi, maneno yanapandana, sijui hata nilianzia wapi. Nikanyamaza kwa sababu pumzi iliisha.

Bi Mwanakombo akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Anacheka. Anacheka mpaka miwani inaanguka. "Hajatambaa," anasema, "hajatambaa, na kitovu chake kimeshacheza ngoma!"

Halafu akacheka kidogo kidogo mpaka ikaisha, akaniambia, "Sasa sikiliza. Kwetu sisi, mche wa mtoto unashikwa na mtu mmoja wakati udongo unatiwa. Kwa kawaida ningeshika mimi. Kesho sishiki. Atashika mmoja wa hao watoto. Anayeshika mche ndiye anayepewa dafu la kwanza, na Rukia akikua, huyo ndiye mtu wake. Akikosana na mimi, akikosana na wewe, mlangoni kwa mtu huyo habishi hodi."

"Mama, washike wote watatu."

"Hapana. Mtoto akiwa na watu watatu wa kukimbilia, siku ya shida kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda. Mmoja. Na utakayemchagua ni wewe."

"Mimi tena, mama? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ni wewe uliyeniambia kipo. Umenipa jibu bila kutazama. Kesho nataka jibu la mtu aliyetazama."

Jumamosi asubuhi, shimo limeshachimbwa nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja alichoachiwa Baba Rukia na babu yake. Kitovu kimo chini na mbegu yake ya chungwa. Watoto wamekuja wameoga, Hemedi mpaka kapaka mafuta miguuni. Bi Mwanakombo aliwaeleza mwenyewe kwamba mmoja tu ndiye atakayeshika mche, na hakumaliza vizuri wakaanza kubishana.

"Ni mimi," Mwanaidi akasema. "Bila mimi mngekuwa Tanga mnapekua chuma chakavu."

"Bila wewe," Hemedi akasema, "kopo lingekuwa bado liko dirishani."

"Aliniambia chukua! Dada, hukuniambia chukua?"

"Nilikwambia."

"Umesikia? Na wewe sauti ya pamba uliiita ufundi wiki mbili nzima!"

"Na nikaitoa! Nani mwingine katoa kitu chake? Wewe ulitoa plasta. Mimi nimetoa wimbo. Baba tangu jana ananiuliza."

Perpetua alikuwa anachezea nyasi. Hemedi akamgeukia. "Na huyu kakuta kazi imekwisha, kafungua kopo tu."

"Basi ungelifungua," Perpetua akasema.

Hemedi akajikuna kichwa.

"Maswali ya mwalimu wenu siyajui, sikuwemo klabuni," Perpetua akaendelea, taratibu. "Ila nyie mlijua kilipo tu. Kujua kilipo si kuwa nacho. Na mimi sikukitoa ili nipate dafu. Nilifumua kwa sababu kilikuwa kimefungwa."

"Kwa hiyo hutaki?" Mwanaidi akamuuliza haraka.

"Sijasema sitaki. Nataka sana. Sijawahi kuchaguliwa."

Bi Mwanakombo akahamishia mche mkono wa pili. "Endeleeni tu, wanangu," akasema, "mimi sina haraka, ila mche huu ni mzito na jua linapanda." Kisha akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia. Hata Rukia mgongoni aliacha kunyonya kidole.

Nikatazama. Safari hii nilitazama kweli. Yupo aliyelibeba kopo kwa kosa ambalo si lake peke yake, akarudi kupekua uchafu kwa mikono mpaka akalijua lilipo. Yupo aliyekuwa na kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo, akakisema si chake, na bado kwao anaonekana ameshindwa. Yupo aliyechekwa na kufungiwa mlango kwa sababu kwao hawatupi, akawafungulia waliomcheka. Toa mmoja, shimo lile lingekuwa tupu, na mimi ningezika pamba.

Jibu nililitoa. Mche ukashikwa, mikono miwili, udongo ukaingia. Siku hizi kila nikiumwagilia maji ya kuoshea mchele, mtu wa Rukia huwa amechuchumaa hapo ananisaidia, na mimi huwa nawafikiria wale wawili wengine, na siku nyingine nalala nimejiridhisha, na siku nyingine naona nilikosea kabisa. Ndiyo maana siwaambii. Nataka nisikie kwenu kwanza, kabla hamjajua langu.

Mche uko mkononi mwa bibi, watoto watatu wamesimama mbele yako, na mtoto mgongoni ni wako. Je, wewe ungeamua vipi?